Vuai na Safari ya Jitu la Mbao

Hapo zamani, katika enzi ambayo watawala waliamini kila walichoambiwa na mawaziri wao, na wapo wasemao kwamba enzi hiyo bado haijaisha, palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Shungwi, na mtawala wake alikuwa Sultani Mundhiri bin Hilali. Sultani huyu hakuwa katili, wala hakuwa mpumbavu kupita kiasi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alitaka kupendwa, na alitaka kupendwa hadharani, kwa kelele, mahali ambapo yeye mwenyewe angesikia.

Basi ikawa siku moja akafika kasrini mfanyabiashara wa mazulia kutoka nchi za mbali, akamsimulia Sultani habari za mji mmoja ambao watu wake hutembeza mitaani majitu ya mbao marefu kuliko nyumba, yenye kupepesa macho na kuinua mikono, na umati hutoka kutazama, wakalia, wakacheka, wakakumbatiana na watu wasiowajua. Sultani akasikiliza hata chakula kikapoa mbele yake.

"Na majitu hayo yalikuwa sura ya nani?" akauliza.

"Maulana, moja lilikuwa sura ya binti mdogo, na jingine sura ya tembo."

"Maskini," akasema Sultani kwa huruma ya kweli. "Hawakuwa na Sultani."

Kesho yake amri ikatoka. Mafundi seremala wote wa mji wakaitwa kwenye uwanja ulio nje ya Lango la Bara, wakachonga jitu lenye sura ya Sultani Mundhiri, ila walilipunguza kitambi na kuliongeza mabega, bila kuambiwa na mtu. Kadhi alipoulizwa kama inafaa kusimamisha sanamu katika mji wa waumini, alishikwa na kikohozi kikali kilichomzuia kutoa jibu, na kikohozi hicho hakikupona mpaka mambo yote yalipokwisha.

Jitu lilipokamilika ikaonekana kwamba haliwezi kupita mitaani. Mabega yale yaliyoongezwa kwa mapenzi yaligota kuta huku na huku. Mafundi wakaogopa, lakini Waziri Nasoro, ambaye hakupata kukosa jibu tangu azaliwe, akasema, "Maulana, jitu si kubwa. Mitaa ndiyo midogo." Sultani akaona kuwa hilo ni kweli tupu.

Basi wakatumwa watu wenye nyundo na mitaimbo, wakavunja baraza zote za mawe zilizokuwa mbele ya nyumba, kutoka Lango la Bara mpaka kasrini. Na watu wa Shungwi, kama hujui, walikuwa wakiishi barazani. Hapo ndipo walipoketi jioni, walipoposa na kuposewa, walipocheza bao, walipopokea wageni na walipopokea rambirambi. Ndani ya nyumba walikuwa wakienda kulala tu. Sasa kila mlango ulifunguka juu ya kifusi, na wazee wakasimama mitaani kama watu waliosahau walikokuwa wakienda.

Katika mji huo alikuwako mtu mmoja, jina lake Vuai, aliyekaa Mtaa wa Wafua Shaba pamoja na mkewe, Mize. Vuai hakuwa na shamba, wala duka, wala kazi ya kueleweka. Alijua kuezua na kuezeka paa, lakini paa likipita mikononi mwake lilivuja vizuri zaidi kuliko awali, basi watu waliacha kumwita. Alichokuwa nacho ni ulimi, na baraza aliyoirithi mkewe kwa mamake, ambapo watu walikuja kumsikiliza, na waliokuja hawakuja mikono mitupu. Huyu aliacha mhogo, yule aliacha kipande cha samaki. Baraza ilipovunjwa, watu wakakosa pa kukaa, na Vuai na mkewe wakakosa chakula cha jioni.

Siku ya maonyesho ikafika. Hamali wakalivuta jitu kwa kamba, ngoma zikapigwa, likaingia Lango la Bara likipepesa macho na kuinua mkono wa kulia. Umati ulikuwa umejaa pande zote, kwa sababu palikuwa hapana pengine pa kwenda. Na watu wale wote, wake kwa waume, wakalitazama jitu, na jitu likawatazama, na hapana aliyesema neno. Likapita mtaa baada ya mtaa katika ukimya huo mpaka likafika kasrini, na hapo likasimama.

Sultani, aliyekuwa juu ya dari ya kasri ametega sikio, akageuka. "Mbona sikusikia kitu?"

"Maulana," akasema Waziri Nasoro, "furaha ilipozidi, iliwakaba koo."

Sultani akaamini nusu. Usiku wa siku hiyo hakula vizuri. Akaagiza jitu lifunguliwe vipande, lirudishwe nje kwa njia ya pwani, na Ijumaa inayofuata liingie tena. Na safari hii Waziri ahakikishe kwamba koo za watu ziko wazi. Waziri akahakikisha kwa namna anayoijua yeye. Akapanga askari wenye fimbo nyuma ya umati, na mpiga mbiu akatangaza kuwa kila mtu ashangilie bila kukoma, na asiyeshangilia atajuta.

Watu wa Shungwi ni watu watiifu. Wakashangilia. Wakashangilia jitu lilipokuwa bado halijatokea, wakawa wanaushangilia mtaa mtupu. Wakamshangilia punda aliyekatiza njia. Jitu lilipofika sokoni, mkono wake wa kulia ukachomoka begani, ukaangukia meza ya muuza halua, na halua ikatapakaa. Na watu, kwa kuwa amri ilisema bila kukoma, wakashangilia zaidi, na muuza halua mwenyewe, akitokwa na machozi, akapiga makofi huku mikono imemganda sukari.

Ndipo askari mmoja alipomwona Vuai amesimama kimya pembeni, akamtandika fimbo ya mgongo na kumwuliza, "Wewe huyaoni maonyesho? Huyapendi?"

"Nayapenda sana," akasema Vuai akijipapasa mgongo. "Ila mwisho wake ni mbaya."

"Una ubaya gani?"

"Jitu linabaki."

Neno hilo likatoka kwa askari hadi kwa mkuu wa askari, likapanda ngazi za kasri, na kabla ya adhana ya alasiri Vuai alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la Sultani, akiliona jinsi lilivyo laini na kujiuliza kama hilo ndilo zulia la mwisho atakalolipigia magoti.

"Nimeambiwa kwamba wewe hukufurahi," akasema Sultani.

"Nilifurahi, Maulana. Nilipigwa fimbo, nikafurahi papo hapo."

Watu wa kasri wakainamisha nyuso. Sultani hakucheka. Alikuwa amesikia kelele za mchana ule tangu mwanzo hadi mwisho, na ijapokuwa alipenda kudanganywa, masikio yake hayakuwa mabovu; alijua tofauti ya mtu anayeimba na mtu anayeimbishwa. Jambo hilo lilimuuma, na mtu aliyeumwa hutafuta wa kumgawia maumivu.

"Basi wewe mjuzi wa mwanzo na mwisho," akasema, "nakupa kazi. Ijumaa ijayo jitu langu litatembea tena. Nataka nisikie furaha ya watu wangu, furaha ya kweli, itokayo moyoni. Usiwape kitu. Usiwaahidi kitu. Usiwatishe, wala usiwaambie neno hata moja. Na katika maonyesho yangu usiongeze wala usipunguze. Jitu lile lile, hamali wale wale, ngoma zile zile, mitaa ile ile. Nikiisikia furaha hiyo, niombe utakalo. Nisipoisikia, utatoka katika mji huu na usirudi."

"Na Mtaa wa Wafua Shaba," akaongeza Waziri Nasoro kwa sauti ya mtu anayekumbushia jambo dogo, "utavunjwa wote, Maulana, nyumba na paa. Jitu linahitaji mahali pa kugeukia."

"Na mtaa utavunjwa," akasema Sultani, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kusemwa.

Vuai akarudi nyumbani kwa miguu mizito. Kwa kawaida alitembea mjini akitupiana maneno na kila mtu. Siku hiyo alipita bila kumjibu hata muuza maji. Alipomweleza Mize, mkewe hakulia. Alikunja mkeka, akaanza kutia vyungu ndani ya kikapu.

"Na kinu je?" akauliza. "Tutakibeba?"

"Kizito."

"Najua kizito. Mimi ndiye ninayekitwangia." Akakaa juu ya kinu kile, akamtazama mumewe. "Ulimi wako huo, Vuai. Watu wa mtaa mzima wamestahimili fimbo, wewe umeshindwa kusema tu kwamba ni maonyesho mazuri."

Vuai akaona aibu. Yeye alizoea kuponza mgongo wake mwenyewe. Sasa aliwaza vile vizee vya jirani, na yule mfua shaba kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ile ile anayofulia. Nje watu walipita wakijikwaa juu ya kifusi na kulaani kwa sauti ya chini.

"Niambie kweli, Mize," akasema hatimaye. "Siku zote mbili jitu lilipopita hapa mlangoni, hukufurahi hata mara moja?"

Mize akafikiri, kwa kuwa alikuwa mwanamke mkweli. "Mara moja," akasema. "Lilipokwisha kutupita. Niliuona mgongo wake unakunja kona, nikasema moyoni, alhamdulillahi, linakwenda. Kisha nikakumbuka kwamba linakwenda kasrini tu, na siku yoyote tutaliona tena. Furaha ikanitoka."

Vuai akanyanyuka taratibu. "Toa vyungu kikapuni," akasema.

Kesho yake asubuhi akarudi kasrini, akaomba kuonana na Sultani mbele ya Waziri na watu wote. "Maulana," akasema, "umenikataza kuongeza, nami siongezi. Umenikataza kupunguza, nami sipunguzi. Lakini hukunikataza kugeuza. Jitu limesimama hapa kasrini tangu jana. Je, naweza kulianzisha safari hapa na kuimalizia kule lilikokuwa likianzia?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri Nasoro akaipima hoja ile, akaona haina gharama wala kazi. Tena akaona kuna sifa za kuokota. "Hilo mimi nimeliwaza kitambo, Maulana," akasema. "Kuanzia kasrini ni heshima kubwa zaidi. Jua nalo huanzia lilikolala." Hapana aliyeelewa maana ya maneno hayo, lakini yalisikika ya kisomi, na ruhusa ikatoka.

Basi Ijumaa ikafika. Askari waliamriwa kubaki kambini na fimbo zao. Mpiga mbiu hakutangaza kitu. Na kwa kuwa hapana aliyewalazimisha, watu wa Shungwi walifanya walichokuwa wakikitamani tangu mwanzo: walikaa majumbani mwao na kufunga madirisha. Milango ya kasri ikafunguliwa, jitu likatoka na mkono wake ulioungwa kwa misumari, ngoma zikalia katika mtaa usio na mtu. Vuai alitembea mbele, amejiziba mdomo kwa kitambaa ili asije akasema neno kwa bahati mbaya, na moyo wake ulikuwa ukidunda kuliko ngoma zile. Akapita mtaa wa kwanza, hakuna kitu. Akapita wa pili. Akaanza kuwaza kwamba kinu huenda kingebebeka kwa punda.

Sokoni dirisha moja likafunguka, na Bi Kizee mmoja, Mwana Hadia, aliyekuwa hamwogopi mtu kwa sababu waliokuwa wakistahili kuogopwa alikwisha kuwazika, akatoa kichwa.

"Vuai, mbona leo limetugeuzia kisogo?"

Vuai akaonyesha kitambaa mdomoni mwake, akatikisa kichwa.

Mwana Hadia akamgeukia hamali aliyeshika kamba. "Mwanangu, mnalipeleka wapi?"

"Lango la Bara, bibi."

"Langoni, kisha?"

"Kisha nje."

"Nje ya mji?"

"Nje ya mji, bibi."

Mwana Hadia akaushika ukingo wa dirisha. "Na litarudi lini?"

"Hilo hatukuambiwa," akasema hamali.

Hapo Mwana Hadia akavuta pumzi, akapiga kigelegele ambacho watu wa Shungwi hawakukisikia tangu alipoozwa binti yake wa mwisho. Dirisha la jirani likafunguka: kuna nini? Linatoka. Nani anatoka? Sultani anatoka, sura yake yote, mabega kwa macho. Habari ikaruka darini kwa dari kushinda mwendo wa jitu. Watu wakamwagika mitaani na watoto mabegani, na wanawake na unga mikononi. Mfua shaba kiziwi, ambaye hakusikia neno lolote ila aliuona mgongo, akatoka na sufuria na nyundo akaipiga kwa nguvu zake zote. Muuza halua akamkumbatia askari aliyetoroka kambini kuja kutazama. Watu walilia machozi, wakacheka huku wanalia, wakaimba nyimbo za kusindikiza wasafiri, na wengine wakashika kamba kuwasaidia hamali, ili lisichelewe.

Kule darini Sultani Mundhiri alisikia mvumo ule, akashika moyo wake kwa mikono miwili. "Nasoro," akasema, "wananipenda."

"Maulana, nilisema."

"Mwiteni Vuai. Nataka aombe atakalo sasa hivi."

Vuai akaletwa mbio juu ya farasi wa mjumbe, akaondoa kitambaa mdomoni.

"Umeshinda," akasema Sultani, akifuta macho. "Niambie, umewafanyaje? Wanafurahia nini hasa?"

Vuai alijua kwamba angeweza kusema lolote lile, na Sultani, katika furaha ile, angeliamini. Waziri Nasoro alikuwa akimkonyeza aseme hivyo. Lakini alimtazama yule mtu mzima aliyekuwa akilia kwa furaha isiyokuwa yake, akaona kwamba kumwacha vile ni kumfanyia ukatili.

"Maulana, wamefurahi kukuona."

"Kuniona nikifanya nini?"

"Ukisafiri."

Kule chini mvumo wa mji haukukoma. Sultani akaukunja uso kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Kisha akaagiza baragumu lipulizwe, ile ishara ya hamali kusimama na kugeuka. Baragumu likalia. Kule mbali, kwenye uwanja wa Lango la Bara, jitu likasimama, likageuka, likauelekeza uso wake mjini. Mvumo ukakatika kana kwamba mtu amefunga mlango.

"Puliza tena," akasema Sultani.

Jitu likageuka likaelekea nje. Vigelegele vikapanda mbinguni.

"Tena."

Kimya.

"Tena."

Vigelegele, na sufuria ya mfua shaba juu yake.

Akafanya hivyo mara nyingi, uso wake ukizidi kuwa mwekundu, mpaka mpiga baragumu akaishiwa na pumzi na hamali wakaishiwa na miguu. Waziri Nasoro akasogea. "Maulana, mimi tangu mwanzo niliona kwamba shauri la kugeuza njia ni la huyu fedhuli—"

"Siku ile lilikuwa lako," akasema Sultani, "na jua likiwa ndani yake."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Vuai akadhani ni hasira, akafumba macho. Alipoyafumbua akaona kwamba Sultani anacheka, kicheko kisicho na raha nyingi ndani yake, lakini ni kicheko. "Niliomba furaha ya kweli," akasema, "na nimeletewa furaha ya kweli. Sikusema iwe ya nini. Haya, omba."

"Naomba mtaa wetu usivunjwe, Maulana. Na baraza zilizovunjwa zijengwe, zote."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nitakaa juu yake."

Sultani akatoa amri, na baraza zikajengwa kwa chokaa mpya. Aliyewekwa kusimamia ukorogaji wa chokaa ile, juani, tangu asubuhi hadi magharibi, alikuwa Waziri Nasoro, ambaye aliwaambia wapita njia kwamba shauri lile la kujenga baraza ni lake. Jitu liliachwa nje ya Lango la Bara. Watu wakachukua mbao kidogo kidogo, huyu ubao wa mlango, yule nguzo ya banda, na kichwa kilipobaki peke yake kuku wa wakulima wakaingia na kutagia ndani.

Baada ya msimu mmoja Sultani akaenda mashambani kwake, na siku ya kurudi hakutaka ngoma wala askari. Alipanda punda, akaingia kwa mlango mdogo wa upande wa soko wakati watu walipokuwa wamekaa barazani. Siku ya pili yake akamwita Vuai, akamweleza safari yake, mvua za huko na mavuno ya mpunga. Vuai alingoja, na hatimaye akauliza mwenyewe.

"Na ulipoingia mjini, Maulana, walishangilia?"

"Hapana," akasema Sultani Mundhiri. "Mzee mmoja alisogea, akanipisha nafasi barazani, akanimiminia kahawa. Nadhani hakunitambua."

"Na ilikuwaje?"

"Chungu," akasema Sultani. "Nilikunywa vikombe viwili."

Na hapo ndipo walionisimulia walipoachia, nami sina la kuzidisha.